Mtani Aliyelala Mtaroni

Uliliona lile dimbwi. Usinitazame hivyo, uliliona. Ulipita mtaani kwetu Isevya kwa miguu, ukafika penye mgahawa wa Pelagia, ukaona maji ya kijivu yanachuruzika chini ya ukuta, yana povu, na ukoko wa wali unaelea juu yake. Ukafanya nini? Ulikunja suruali, ukaruka, ukageuza uso upande wa pili kana kwamba kuna mtu amekuita. Wengine mliingia ndani mkaagiza nyama. Nawajua mmoja mmoja, maana chumba cha nyuma cha nyumba hiyo nimepanga mimi, mwaka wa kumi na saba sasa, na kusahau sikuwahi kujifunza.

Basi sikia yaliyotokea, kwa sababu zamu ya bomba lako nayo iko njiani.

Jumatatu alikuja bwana afya. Ni mwanamke, jina lake Julieth, lakini mtaani kwetu cheo hicho hakijapatiwa jina jingine. Alisimama katikati ya dimbwi na mabuti yake ya mpira.

"Mama Pelagia, nitarudi Jumamosi saa tatu asubuhi. Nikikuta maji haya juu ya ardhi, nafunga mgahawa."

"Mwanangu, karibu kwanza supu."

"Jumamosi, mama. Saa tatu."

Mgahawa ule ndio shamba la Pelagia. Ndio uliosomesha wanawe, na ndio unaomlisha mumewe Mathias, mwalimu mstaafu ambaye kazi imemwacha akabaki na ushauri. Mathias alilizunguka dimbwi mara mbili, mikono nyuma, akatoa hukumu.

"Kuna mtu ametutilia gunia bombani."

Alimaanisha Siwema, mwenye mgahawa wa ng'ambo ya barabara, ambaye kosa lake hapa duniani ni kupika chapati laini.

Jumanne Pelagia akamwita fundi bomba, Ezekia. Hapa ndipo tulipoharibu, na uharibifu huu ni wetu sisi Wanyamwezi, hatuwezi kumbebesha mtu mwingine. Ezekia ni Mgogo. Mababu zetu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani walipita Ugogo, na kule hukupata maji ya kunywa mpaka ulipe hongo, ushuru wa njia. Ugomvi ule ukazeeka, ukageuka utani. Leo Mgogo na Mnyamwezi wakikutana wanachambana mpaka jasho litoke, na atakayekasirika ndiye aliyeshindwa. Neno la mtani halishikwi. Sasa niambie, mwenye akili gani anamwita mtani wake aje kumwambia ukweli?

Ezekia alinipa shikamoo yangu vizuri, kisha akainama kwenye karo, akamwaga ndoo ya maji, akatega sikio kwenye bomba kama daktari.

"Mtani," akamwambia Pelagia, "bomba lako limenenepa kuliko mumeo."

Tukacheka.

"Nasema kweli. Mafuta ya supu mnayamwaga humu. Yakiwa ya moto yanapita kama maji, yakifika huko ndani kwenye ubaridi yanaganda kama mshumaa. Halafu sufuria mnasugua kwa majivu, na majivu nayo humo humo. Bibi zetu wakitaka sabuni walichanganya nini? Mafuta na majivu. Mna kiwanda humu ndani."

"Mgogo ameiona wapi sabuni," akasema Pelagia, "mpaka aitambue ikiwa bombani?"

Tukacheka zaidi. Ezekia akatoka nje, akafuata njia ya bomba hadi kwenye chemba, lile shimo dogo la zege lenye mfuniko ambako maji machafu hupita kabla ya kwenda shimo kubwa.

"Bomba hili alililaza nani?"

"Mimi mwenyewe," Mathias akajibu, kifua mbele.

"Mwalimu, linapanda. Kutoka jikoni kuja huku linapanda kidogo kidogo. Haya maji hayakusoma shuleni kwako, hayajui kupanda."

"Msikilizeni huyu," akasema Mathias. "Kwao mvua inanyesha mara moja, tena kwa kukosea njia, leo anatufundisha maji yanakokwenda."

Nilicheka nikashika ukuta. Mimi, ninayekusema wewe. Na nilikuwa na sababu ya kunyamaza, kwa sababu siku Mathias alipolaza bomba lile, upande wa pili wa kamba nilishika mimi. Hatukupima na kitu. Alifumba jicho moja, akatazama, akasema "imenyooka", na sikio lake lilikuwa kwenye redio, kulikuwa na mpira. Nakumbuka hata mabao.

Ezekia naye alicheka, kama utani unavyotaka, akabeba mkoba wake akaenda zake.

Jumatano kila mtu akawa fundi. Pelagia akamwaga sufuria nzima ya maji yanayochemka. Mafuta yakalainika, yakasogea hatua mbili mbele, yakaganda huko vizuri zaidi. Mathias akanunua kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, akaimimina huku amejifunga kitambaa puani. Kostiki ikakutana na mafuta, na kama kulikuwa na sabuni laini, ikawa sabuni ya mche. Mimi nikaingiza waya mrefu, nikasukuma, nikazungusha, nikavuta. Nusu yake ilirudi.

Alhamisi mchana karo likajibu. Wateja wanane walikuwa mezani. Tulisikia kwanza mlio, kama mzee aliyeshiba, kisha karo likarudisha maharage ya Jumatatu mbele ya watu waliokuwa wanakula maharage ya Alhamisi. Wateja wanane wakavuka barabara kwenda kwa Siwema, mmoja na kijiko chetu mkononi.

Pelagia akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Mathias akaanza tena habari za gunia.

"Mathias, nyamaza," akasema. Hakupandisha sauti. "Nilipotoka Kwihara kaka yangu aliniambia mjini sitaweza, nitarudi kulima kwake. Nimepika hapa miaka kumi na tisa nikimjibu. Kesho kutwa atakuwa ameshinda."

Ijumaa asubuhi Mathias mwenyewe akamwita Ezekia, ila si kumsikiliza. Alimwita achimbe, gunia lionekane, kisha yeye mwenyewe aende nalo kwa Siwema mbele ya mashahidi. Ezekia akachimba mtaro kutoka jikoni hadi chemba, hatua kumi na mbili, bomba likabaki uchi kama mfupa. Akafunua chemba. Kavu.

"Umeona, mwalimu? Huku hakufiki kitu. Kizuizi kipo karibu na jiko, na ni mafuta."

"Chimba, mtani, chimba," Mathias akacheka. "Mmezoea kuchimba mkitafuta maji. Leo tafuta gunia."

Ezekia akaweka sepetu chini, akavua kofia, akashuka, akajilaza chali mtaroni kando ya bomba, mikono kifuani, macho amefumba.

Usipoijua desturi utadhani jua limempiga. Kwenye msiba mtani ana haki ya kuingia kaburini kabla ya maiti na kulala humo. Hatoki mpaka agombolewe. Kumtoa kwa nguvu ni aibu itakayosimuliwa kwa wajukuu.

"Ezekia," Pelagia akainama juu ya mtaro, "nani amekufa?"

"Mgahawa," sauti ikatoka chini. Kisha akaanza kulia, kilio kirefu cha matanga, mtaa mzima ukakisikia. "Mgahawa wa mama Pelagia umetutoka. Haukuugua, ulinyweshwa mafuta. Nani atatupikia sasa, nani? Tutakula chapati laini mpaka tufe."

Watu wakajaa. Siwema mwenyewe akaja, na unga viganjani. Bibi Nyamizi, mkongwe wa mtaa, akasogezewa kiti ukingoni.

"Mathias, mwanangu," akasema, "mtani yuko kaburini. Mgomboe."

"Bibi, hapa hakuna msiba."

"Mtani amelala, amelia. Msiba upo."

Mathias akafuta jasho. "Haya. Ezekia, chukua jogoo."

"Jogoo kaa naye," akasema Ezekia bila kufumbua macho. "Babu zako walilipa hongo ili wanywe maji ya kwetu. Leo nataka hongo ili maji yako yatoke kwako. Nataka mkono wako, mwalimu. Ndani ya bomba, mpaka begani."

"Huo ni mchezo."

"Ndiyo, mchezo," akasema Bibi Nyamizi. "Ungekuwa ugomvi ungeukataa. Mchezo wa mtani utaukataa ukaishi wapi?"

Hapo ndipo nilipomwelewa Ezekia. Maneno yake tulikuwa na ruhusa ya kuyacheka. Kulala kwake, hatukuwa na ruhusa ya kupuuza.

Mathias akakunja mkono wa shati, akakunja tena, akapiga magoti. Ezekia akainuka kidogo, akakata bomba kwa msumeno karibu na ukuta wa jiko, akalala tena. Mkono ukaingia. Kiganja, kiwiko, bega. Uso wa mwalimu ukapitia rangi ambazo sijui majina yake. Akavuta. Kitu kikagoma, kikateleza, kikatoka kizima.

Kilikuwa kirefu kama mkono wake na kinene kama paja la mtoto. Cheupe, kina michirizi ya kijivu. Ungeweza kukisoma kama daftari: majivu, wali, maganda ya maharage, nywele, mafuta juu ya mafuta, na nusu ya waya wangu. Gunia halikuwemo hata uzi.

"Hilo ni la Siwema?" Ezekia akauliza.

Mathias alikipakata kama mzazi. "Hii," akasema kwa sauti yake ya darasani, "ni sabuni."

"Basi nikatie kipande, mwalimu," akasema Siwema. "Nina vyombo vya wateja wako."

Mtaa ukaanguka kwa kicheko, na Mathias, baada ya kujaribu kutocheka, akaanguka nao. Kisha akampa Ezekia mkono ule ule, akamvuta kutoka mtaroni.

Mchana tukalilaza bomba upya. Ezekia alileta mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, akatufundisha: maji hukaa usawa pande zote mbili, hapo ndipo unapopimia. Kidole kimoja kushuka kwa kila hatua, vidole kumi na viwili hadi chemba. Mathias alishika upande mmoja, akatazama kwa macho mawili. Redio ilizimwa. Pelagia akatoboa kifuniko cha kopo kwa msumari, akakiweka kwenye tundu la karo kikamate wali. Mafuta yakapewa debe lake. Sufuria sasa zinapanguswa kwanza kwa gunzi, ndipo zioshwe, na majivu yanakwenda kwenye bustani ya matembele.

Jumamosi saa tatu Julieth alisimama uani.

"Mwageni."

Pelagia akamwaga ndoo tatu mfululizo. Sisi wengine tulikuwa tumechuchumaa kuizunguka chemba kama watu wanaosubiri gari moshi. Yakaja. Yakapita mbele yetu, yakaelekea shimoni, wala hayakumsalimia mtu.

"Fungueni mgahawa," akasema Julieth. "Nitakuja tena, na sitasema siku."

Pelagia aliingia ndani akabandika sufuria. Mathias akamgeukia Ezekia, amekunja uso.

"Lakini mtani, kwa nini hukutuambia tangu Jumanne?"

Ezekia alimtazama, akanitazama mimi, akafunga mkoba wake.

Sasa wewe. Julieth amevuka barabara, anashuka mtaa wenu, na daftari lake lina kurasa nyingi. Mafuta ya jana usiku uliyamwaga wapi? Usinijibu mimi. Acha kusoma, nenda uani, funua chemba yako, na kama ni kavu wakati jikoni wanaosha vyombo, kunja mkono wa shati uingize. Leo hii, kabla hujala.