Kasri la Bwana Kesho

Haya ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi hata ya ncha ya kidole, chai ya kijiwe kizima leo nailipa mimi.

Asubuhi ile Mama Pindo, fundi cherehani, alikuwa ameshapiga deki mara mbili na anatundika mapazia mapya, jirani yake alipochungulia mlangoni.

"Shoga, kuna harusi?"

"Mthamini wa mahakama anakuja. Nimwache aone uchafu?"

"Una akili kweli wewe? Si ukitaka kubaki na nyumba lazima umlipe mtalaka wako nusu ya bei yake? Sasa unaipamba ili ujiuzie ghali?"

Mama Pindo akabaki na pazia mkononi. Mgeni ni mgeni. Mama yake hakumfundisha kupokea mtu kwenye vumbi. Lakini bei ikipanda juu, hana pa kuitoa. Nyumba itauzwa, yeye na cherehani yake nje. Akashusha mapazia. Akasukuma kabati lililoficha ufa miaka yote. Akarudisha beseni chini ya bati linalovuja. Hata mlango wa choo aliufungua kamba, ukajilalia chini wenyewe.

Mthamini akaingia na viatu vyake, Bwana Kesho nyuma. Jina hilo mtalaka huyo alilipata kwa sababu ya paa: kila mvua ikinyesha, "nitaziba kesho." Miaka yote nyumba hii kwake ilikuwa "banda lako." Leo anaupapasa ukuta kama anabembeleza mtoto.

"Kasri hili, mheshimiwa. Matofali ya kuchoma. Upepo wenyewe unaingia kwa hodi."

"Unaingia kwa ufa," akasema Mama Pindo. "Mheshimiwa, tia mkono. Tia mpaka kiwiko!"

"Ufa wa urembo tu huo."

"Urembo! Na beseni hili nalo, bwawa la kuogelea?"

Mthamini hakutia mkono. Alivuta futi sebuleni, akapokea simu, kisha akasimama mlangoni kutazama lami mpya.

"Mama, mimi sithamini beseni. Nathamini mtaa. Bei iko ofisini, safu hii yote ni moja."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Utaratibu."

Bwana Kesho akacheka mpaka jino la mwisho. Hapo ndipo mbingu zilipojibu! Mvua ikashuka bila wingu, bati likafunuka kama kifuniko cha sufuria, mthamini akaelea mpaka barabarani, na huko huko akaandika kwamba nyumba haifiki bei ya kuku...

"Muongo!"

Mama Pindo mwenyewe, nyuma yangu, suruali ya mteja begani.

"Mvua gani, mzee? Lilikuwa jua la kupasua kichwa. Bei ilikuja ile ile ya mtaa. Bei ya mtaa, ufa wangu."

"Na nyumba?" kijiwe kikauliza.

"Nipo. Vyumba nimepangisha, nalala jikoni na cherehani. Alitaka chake chote kwa mkupuo. Nikamwambia hakimu, huyu alinizoesha kesho, naye azoee. Hakimu akakubali, namlipa kidogo kidogo. Na paa nimeziba mwenyewe."

Akamgeukia muuza chai.

"Yangu weka maziwa. Analipa mzee."

Nikatia mkono mfukoni, mpaka kiwiko.