Sauti Nyuma ya Kochi

Boksi la kompyuta lilikaa nyuma ya mlango wa sebule tangu rafiki wa mumewe alipolileta, na mshonaji hakutaka liguswe. Mumewe, fundi wa lifti aliyekuwa akifanya kazi nchi ya mbali, alishasema: "Hiyo nitaifunga mwenyewe nikija likizo. Tutatazama sinema kama tuko ukumbini." Basi kila akifagia alilizunguka boksi, akalipangusa vumbi, akarudi kwenye cherehani yake.

Jumamosi moja asubuhi mumewe akapiga simu. Aliulizia afya ya mama yake, akazungumza habari za baridi, akakohoa kidogo.

"Mke wangu, lile boksi lifungue tu. Nitakuelekeza."

Mshonaji akakaa chini.

"Wameongeza mkataba?"

"Mwaka mmoja tu."

"Tu," alisema mshonaji.

Mama mkwe, aliyekuwa akikunja nguo kochini, alimsoma usoni. Alikwenda jikoni akarudi na kisu. "Tulifungue, mwanangu. Kama ni kulia, tutalia kazi ikiisha."

Waliiweka simu mezani, sauti wazi, mume akiwaelekeza. Waya mmoja ulitoka kwenye kompyuta kwenda kwenye televisheni. Kioo kilibaki cheusi mpaka mshonaji alipobonyeza rimoti na kuchagua tundu sahihi. Picha ikatokea, lakini sauti ilitoka kwenye televisheni, nyembamba kama ya nzi ndani ya chupa.

"Bado spika," alisema mume.

Zilikuwa nne: mbili mbele, mbili nyuma ya kochi. Mshonaji alimenya ncha za nyaya kwa mkasi wa uzi, akazisokota kwa vidole kama anayetaka kutunga sindano, akazichomeka kwenye amplifaya, kisanduku cha kukuza sauti kilichokuwa humo boksini, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Kisha akaiunganisha amplifaya na kompyuta.

"Matundu yote haya!" alisema mama mkwe. "Hii mashine au chujio?"

Spika zikabaki kimya. Mume akamwambia aingie kwenye mipangilio ya kompyuta, achague sauti itokee kwenye amplifaya badala ya televisheni. Mara sebule nzima ikavuma, mama mkwe akashika kifua. "Toba!"

Mwisho wakachomeka kamera ndogo, mume akapiga tena, safari hii kwa video. Uso wake ukajaa kwenye kioo. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, mama."

Sauti ilitoka pande zote. Mama mkwe aligeuka nyuma upesi, mkono ameshaunyoosha kumpokea mwanawe. Palikuwa na spika tu juu ya kigoda. Akaurudisha mkono mapajani taratibu.

"Marahaba, baba."

Macho ya mume yalikuwa yanatembea chumbani.

"Kochi mmelihamisha?"

"Paa lilivuja," alisema mkewe.

"Hukuniambia."

"Ungefanya nini?"

Mume akasema, "Nigeuzie kamera dirishani."

Mshonaji akaigeuza. Nje palikuwa na kamba ya nguo, ukuta wa jirani, na mtu akisukuma baiskeli iliyopata pancha. Mama mkwe akaondoka kwenda kubandika chai. Mshonaji akasogea pembeni ya kochi, karibu na spika ya nyuma, akamsikia mumewe akihema pale sikioni.

"Likizo ijayo, mke wangu—"

"Usiseme kitu," akamkatiza. "Tazama tu."

Mume akatazama mpaka zamu yake ya kazi ilipofika. Alipoaga na picha kukatika, spika zikabaki zikivuma kidogo, na mshonaji hakuinuka kuzizima.