Sanduku Jipya la Delmar

Jumamosi asubuhi Oleta Krenek alirudisha pikapu kinyumenyume hadi mlangoni pa duka la Coy Battles, akazima injini, akashuka na tepu ya kupimia mkononi. Coy aliuza masanduku ya vifaa ya pikapu, soda baridi na chambo cha samaki, ingawa mto wa karibu ulikauka zamani.

"Shemeji, usiniambie na sanduku hilo nalo limekushinda," alisema. Alicheza mpira shuleni na Delmar, marehemu mume wa Oleta, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kumtania.

"Halijanishinda mimi. Limemshinda Delmar."

Coy aliguna, akammiminia kahawa. Delmar alizikwa mwezi wa pili. Tangu wiki ile ya mazishi alikuwa akirudi kila jua likizama, anateremsha mlango wa nyuma wa pikapu, anafungua sanduku na kutoa vifaa kimoja kimoja: spana, bisibisi, nyundo, mikebe ya nati. Sanduku likibaki tupu, alipapasa pembe zake zote. Kisha alirudisha kila kitu na kuanza upya, mpaka alfajiri. Majirani waliopita walimwinulia kidole kimoja juu ya usukani, kama watu wa huku wanavyosalimiana, naye aliitikia kwa spana.

Kila mtu alijua anatafuta nini. Delmar alikuwa mwangalizi wa visima vya mafuta, kwa pikapu yake mwenyewe na vifaa vyake mwenyewe, maana makampuni ya huku magharibi mwa Texas ndivyo yanavyoajiri. Siku aliyokufa alipanda ngazi ya tangi, akafungua kifuniko apime mafuta, gesi ikamwangusha papo hapo. Kuna kidude cha kubana kifuani ambacho hupiga kelele gesi ya sumu ikizidi. Delmar hakukutwa nacho. Kwenye mazishi msimamizi wa kampuni alisimama na kofia mkononi, akasema kwa upole kwamba marehemu alipewa kipima gesi, na bila shaka kilikuwa kimefukiwa humo sandukuni mwake.

Na watu wa huku ugonjwa wao ndio huo. Mtu akifa kazini, wanakwenda kuchungulia sanduku lake. Wakilikuta limepangwa, wanailaumu kampuni. Wakilikuta shaghalabaghala, kosa ni la marehemu, kesi imekwisha. La Delmar lilikuwa jaa, jamani, tusidanganyane. Oleta mwenyewe aliliamini neno la msimamizi, na lilimchoma. Krismasi alikusudia kumnunulia mumewe sanduku la maana, akanunua buti. Alizikwa nazo.

Kwa hiyo baada ya mazishi aliliuza lile jaa kwa mnunua chuma chakavu, akaanza kununua masanduku. La kwanza lilikuwa la chuma, refu, la kufunga ubavuni. Lilikuwa na kina kirefu mno, Delmar akawa anaingia ndani mpaka kiunoni na kubaki humo usiku kucha. La pili lilikingama nyuma ya kebini, lenye vifuniko viwili, kimoja kila upande. Hilo ndilo lililomtesa hasa. Akipekua kushoto, anashuku kulia. Alizunguka pikapu mpaka nyasi zikafa.

"Bado ana urefu ule ule?" Coy aliuliza.

"Amepungua kidogo."

"Basi tusimpe la juu, atachoka mabega. Shika hapo tupime. Siyo juu kwenye kingo, shemeji, hapo ndipo kila mtu anapokosea halafu ananirudishia. Pima kati ya matuta ya magurudumu."

Alimtolea sanduku la alumini, fupi kwenda chini, kifuniko kimoja, lenye trei za kuvuta na taa inayowaka yenyewe likifunguliwa. "Humu kitu hakina pa kujificha," alisema.

"Ndivyo ninavyotaka. Kama alipewa, akione. Kama hakupewa, ajue."

"Na wewe ujue."

"Na mimi nijue, eeh. Silali, Coy."

Jioni ile Delmar alikuja kama kawaida. Alipitisha kiganja juu ya kifuniko, akafungua, taa ikawaka. Alivuta trei zote. Kila kifaa kilionekana. Alitazama kwa muda mrefu, mikono ikining'inia, hajui aifanyie nini.

"Hakimo," Oleta alimwambia. "Hawakukupa. Nami nikakulaumu bure, mume wangu." Alilia kwa hasira, akaingia ndani kumpigia simu msimamizi.

Msimamizi alikuja kesho yake jioni, maana ni mtu wa adabu. Alivua kofia, akampa Delmar mkono, akamuuliza hali. Akainamia sanduku, akalisifia.

"Zuri sana. Hili ndilo alilokuwa nalo siku ile?"

"Hapana, hili jipya."

"Na lile la zamani?"

"Nililiuza kama chuma chakavu."

"Basi mama, pole sana. Huenda kimekwenda nalo." Alivaa kofia, akamuaga Delmar kwanza, kisha mjane.

Oleta alibaki amesimama pale uani. 

Wakati huo ndipo Chevo Luján, kijana wa watu aliyepewa visima vya Delmar, aliposimamisha pikapu yake getini kumsalimu mama. Delmar aliacha trei zikiwa wazi. Alivuka ua, akapanda nyuma ya pikapu ya Chevo, akafungua sanduku lake, akaanza kutoa spana.

"Anatafuta nini kwangu?" Chevo aliuliza, injini ikinguruma.

"Kipima gesi. Wewe umepewa?"

"Wanasema kimeagizwa."

"Lini?"

"Tangu niingie kazini." Alitazama jua. "Mama, mwambie ashuke basi, kuna tangi sijalipima."

"Mwambie mwenyewe. Mimi hanisikii akishaanza."

Chevo aliondoa gari taratibu, Delmar akiwa amepiga magoti huko nyuma, anapapasa pembe za sanduku la mwenzake. Oleta alirudi kufunga trei.

Tangu siku hiyo Delmar haji tena nyumbani. Oleta huteremsha mlango wa pikapu jioni, na huupandisha asubuhi. Chevo anasema yeye hana neno, anampeleka kila mahali, na kwa kweli ni afadhali kuwa na mtu pale chini ya ngazi ya tangi. Kipima gesi, anasema, bado kimeagizwa.