Alama Iliyohama Shavu

Jumanne saa nne asubuhi, Dada Mkubwa alimkuta wifi yake, mke wa mdogo wake, uani akianika mashuka ya Mama. Wifi aligeuka kumwamkia, na kwenye shavu lake la kushoto palikuwa na alama ya kuzaliwa ya Dada Mkubwa, nyeusi, ukubwa wa punje ya choroko. Mwenyewe aliirithi kwa Mama, Mama naye kwa mama yake, na haikuwahi kupotea njia.

Dada Mkubwa akajipapasa shavu. Laini kama sahani iliyooshwa.

"Imekuja lini?"

"Jana, wifi, nikimkata Mama kucha. Nimeisugua kwa sabuni, haitoki."

"Usiisugue. Utanichubulia."

Mama alikuwa mwaka wa tatu kitandani, macho yameingia ukungu. Dada Mkubwa, mwenye duka la vipodozi mtaa wa pili, alimtembelea akipata nafasi, na nafasi ilimpiga chenga. Wifi ndiye aliyeogesha, akalisha, akamgeuza ubavu. Ijumaa mwanya wa meno wa Dada Mkubwa nao ukahama. Jumatatu kikafuata kicheko chake, kile kinachokwama puani kama chafya. Majirani walikizoea upesi.

"Mama, binti yako ana moyo," mmoja akasema dirishani.

"Huyu nilimzaa kwa uchungu," Mama akajibu.

Dada Mkubwa alisikia hayo akiwa mlangoni, hajavua hata viatu. Akaona gere. Angeibiwa pochi angelia akalala. Lakini kuibiwa kuzaliwa kwake, tena na mtu aliyeingia nyumba hii na sanduku moja, hilo halikushuka kooni.

Akaamua kushindana. Jumatano alimwogesha Mama mwenyewe. Maji yalikuwa ya moto mno, na taulo alilisahau kambani.

"Taratibu, mgeni," Mama akasema.

Jioni alama ikamrudia, hafifu kama nukta ya penseli. Alhamisi alikuwa na wateja. Ikaondoka.

Siku ya Mama kupasuliwa jicho, karani wa hospitali aliwatazama wote wawili, akamsogezea wifi fomu. "Binti ajaze hapa."

"Binti ni mimi," Dada Mkubwa akasema, akatoa kitambulisho.

Karani akalinganisha picha na uso wa wifi. "Picha ni ya huyu. Wewe nani?"

Foleni nzima ikangoja jibu. Wifi akainama, akamsukumia Dada Mkubwa kalamu. "Mwache ajaze, kaka. Ndiye kifungua mimba wa Mama."

Basi akajaza. Jicho lipi? "La kulia," wifi akanong'ona. Dawa zisizopatana naye? Wifi akataja, yeye akaandika. Amekula lini? Wifi akataja hadi dakika. Penye uhusiano na mgonjwa hakuuliza mtu. Aliandika MTOTO, akapiga mstari chini, mara mbili.

Karani akasifu mwandiko, akagonga muhuri.

Kesho yake Mama alifunguliwa bendeji. Jicho lilikuwa safi. Alimtazama wifi kwa muda mrefu, akamshika shavu. Kisha akamwona Dada Mkubwa.

"Ahsante kwa kuja kunijulia hali, mama. Karibu kiti."

Kiti kilikuwa kimoja. Dada Mkubwa akakikalia.

"Wifi," akasema, "hata maji ya kunywa hamna?"

Wifi akaenda kuyaleta, akiwa na uso wote wa Dada Mkubwa. Dada Mkubwa akayapokea, akanywa, akasema si baridi.