Mstari Kwenye Chupa ya Matone

Mama Pindo alianza kumshuku mkwe wake siku ya tatu ya dawa, asubuhi, alipoinua kile kichupa dirishani akaona matone yamepungua kupita haki.

Alikuwa mshonaji wa magauni ya harusi. Jina la Pindo alipewa na wateja, maana pindo zake hazionyeshi uzi hata uzimulike kwa tochi. Wiki ile jicho la kushoto lilimwasha mchana kutwa, na kesho yake akaamka kope zimegandana kwa tongotongo za manjano, akawa wa kubanduliwa kwa maji ya uvuguvugu. Pale zahanati muuguzi akampa matone ya kuua vijidudu.

"Tone moja, mara nne kwa siku, siku saba," alimwambia. "Hata ukiona limepona siku ya tatu, mama, endelea. Nawa mikono kwanza. Mdomo wa chupa usiguse jicho, usiguse kidole. Na usimpe mtu."

"Nimpe nani? Mimi hata sindano siazimi."

Hapo hakudanganya. Majirani wote ni mashahidi.

Sasa chupa ilikuwa inashuka. Matone manane, kwa hesabu yake, hayawezi kula robo ya chupa hata yawe na njaa namna gani. Na ndani ya nyumba ile walikaa watu watatu tu: yeye, mumewe, na mke wa mwanawe; mwana mwenyewe alikuwa kazini mbali. Mume alikuwa fundi saa, mtu wa kusema maneno kumi kwa siku, mawili ya hayo yakiwa "chai tayari?" Huyo alimwondoa kwenye orodha bila kumhoji. Akabaki mkwe.

Mkwe aliletwa miaka miwili nyuma ajifunze kushona, na kosa lake lilikuwa moja tu: alijifunza. Siku hizi wateja wengine walikuwa wakichungulia dukani na kuuliza, "Yule binti yupo?" Mama Pindo alijua jicho lake likiharibika cherehani kitahama mikono, na kikishahama hakirudi. Juu ya meza lilikuwa gauni la bi harusi wa Jumamosi, nusu ya shanga bado, na mama wa bi harusi alishapita mara mbili kuuliza kama jicho "linaendeleaje," kwa sauti ya mtu anayeulizia gauni.

Basi akachukua kalamu, akachora mstari mwembamba kwenye karatasi ya chupa, sawasawa na pale dawa ilipofika. Jioni akaangalia. Dawa ilikuwa chini ya mstari, na si kwa tone moja.

"Mwanangu," akamwita mkwe, kwa ile sauti yake ya asali. "Macho yako hayajambo?"

"Hayajambo, mama. Kwani vipi?"

"Nauliza tu. Yanang'aa."

"Nimelala vizuri."

"Mh. Waliolala vizuri huwa hawajitetei."

Mkwe akacheka, akadhani ni mzaha. Kisha akasema amelitundika taulo la mama peke yake na foronya ameifua kwa maji ya moto. Mama Pindo akaitikia "ahsante," huku moyoni anaongeza shtaka la pili. Ndivyo wanavyoanza, akawaza. Leo taulo peke yake, kesho kitanda uani.

Siku ya tano jicho, lililokuwa limeanza kutakata, likarudi jekundu kama nyanya, na la pili likaanza kumkereketa. Hapo shaka ikaota meno. Si kuiba tu, akajiambia. Ananitilia kitu humu. Akaenda barazani alipokaa mumewe na kimeza chake cha saa, amebana kioo cha kukuzia kwenye jicho, ameinama.

"Mzee, mkwe wako ananiharibia macho."

Mume hakuinua kichwa.

"Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Sasa unasemaje?"

"Nasema usimsingizie mtoto wa watu."

Maneno matano kwa mpigo! Na bado hakuinua kichwa. Mama Pindo akaondoka akiwa amechukia zaidi, maana sasa aliona wameshamwekea baraza la watu wawili.

Siku ya sita, baada ya tone la asubuhi, akatega mtego. Alichukua chaki ya buluu ya kuchorea vitambaa, akaisaga kwa kisigino cha mkasi, akaipaka chupa nzima mpaka shingoni, unga mwembamba ambao huuoni mpaka ukushike. Akaiacha kwenye kabati, akasema kwa sauti kubwa kwamba anakwenda kupima vitambaa, akajificha nyuma ya pazia la chumba cha kupimia wateja. Humo ndani palikuwa na joto na harufu ya nguo mpya. Akasikia nyayo. Kabati likalia. Likalia tena. Nyayo zikaondoka.

Akahesabu mpaka ishirini, akatoka mbio.

"Lete mikono!" akamwambia mkwe.

Mkwe akaiweka mezani, kiganja na mgongo. Safi. Inanuka sabuni.

"Umenawa!"

"Si ulisema mwenyewe, mama? Kabla ya kugusa gauni jeupe, mtu anawe."

Papo hapo, barazani mteja aliyeleta saa yake alipasua kicheko. "Fundi! Leo umejipaka wanja wa buluu? Unaolewa wewe au mkeo?"

Wakatoka wote wawili. Fundi saa alikuwa amekaa na vidole vya buluu, na duara la buluu limezunguka jicho la kulia vizuri kabisa, kama limepimwa. Mteja alipoona sura ya Mama Pindo akasema atarudi kesho, na saa yake akaisahau mezani.

"Toa kioo," Mama Pindo akasema.

Mzee akatoa. Jicho lilikuwa jekundu, limevimba, na tongotongo imekaa pembeni.

"Tangu lini?"

"Siku moja baada ya lako. Nilijifutia taulo lako."

"Na ukanyamaza!"

"Nani atamwachia fundi saa mwenye jicho bovu saa yake? Nikaona la kwako linapona, dawa itabaki, si itamwagwa bure."

Mkwe alikuwa ameshaleta chupa, ameishika kwa kipande cha kitambaa. "Baba, unatiaje?"

Mzee akaonyesha, tena kwa fahari kidogo. Kwenye saa, akasema, tone la mafuta haliachiwi lidondoke, litaruka liharibu kila kitu. Unagusisha ncha palepale panapotakiwa, mafuta yanaingia yenyewe. Akainamisha chupa hewani, akaonyesha jinsi anavyoegemeza mdomo wake kwenye kope. Miaka arobaini ya ufundi, na mkono wala hautikisiki.

"Kwa hiyo," mkwe akasema polepole, "mdomo uliogusa jicho lako ndio mama anaoutumia, mara nne kwa siku."

Mzee akaishusha chupa mezani.

"Na hii buluu mpaka kwenye mdomo wa chupa, mama?"

"Hiyo ni ya uchunguzi," akasema Mama Pindo, akaenda kutafuta mtandio wa kwendea zahanati.

Zahanati, muuguzi aliishika chupa kwa ncha za vidole viwili, akaitupa kwenye ndoo. Akatoa mbili mpya, akaandika kila moja ya nani na tarehe ya kufunguliwa. "Zikifika wiki nne tangu zifunguliwe, tupa, hata kama zimebaki. Hakuna akiba ya dawa ya macho," akasema. "Na niliposema usimpe mtu, mama, mume naye ni mtu."

"Sikumpa. Aliiba."

"Basi na wewe, mzee, kabla hujaigusa yako lazima upimwe. Njoo nikutazame. Na kile kioo usikibane jichoni mpaka upone." Alipomaliza akawageukia wote. "Mkiona maumivu makali, au mwanga unachoma, au mnaona ukungu, msingoje dawa iishe. Njooni siku hiyohiyo. Kusugua jicho ni marufuku."

Siku saba upya. Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

Nyumbani Mama Pindo alikaa kwenye cherehani, akatunga uzi. Ukapita pembeni. Akatunga tena. Jicho likatoa machozi, mkono ukapanda wenyewe kulisugua, akaurudisha mapajani kama anamkamata kuku. Mara ya tatu uzi ulipokosa tundu akanyanyuka.

"Kaa," akamwambia mkwe.

"Mama, hili gauni ni la kwako."

"Kaa kabla sijabadili mawazo." Kisha, akitazama ukuta: "Nilikuwa nakushuku."

"Nilijua. Ulivyonikagua mikono, nilidhani umeajiriwa forodhani."

"Na hukukasirika?"

"Nilikasirika, mama. Nilifua tena foronya yako kwa hasira." Mkwe akaenda kunawa, akarudi na chupa. "Laza kichwa nyuma. Angalia juu."

Akavuta kope ya chini, akaiweka chupa juu kidogo bila kugusa kitu. Tone likaanguka, baridi. La pili likaingia jicho la pili. Mama Pindo akafumba, akabonyeza kona za ndani karibu na pua kama alivyofundishwa, akabaki amelala hivyo na giza lake.

Cherehani kikaanza kuunguruma. Alisikiliza kwa masikio yote mawili, akitafuta kosa. Lilichelewa kuja, na lilipokuja lilikuwa dogo.

"Unakimbiza kwenye kona," akasema.

Mlio ukapungua, ukageuka taratibu, ukaendelea.