Uvimbe Ulioonekana Mara Tatu

Mwalimu Kingori hakubisha hodi. Aliingia maabara ya shule ile ya wasichana karibu na Othaya, akamkuta Wakonyo ameinamia hadubini, akamwambia mbele ya kidato cha sita kizima, "Unafundisha watoto uongo."

Ulikuwa mwaka wa sabini na tano. Wakonyo alikuwa ametoka chuo kikuu miezi minne tu iliyopita. Kingori alikuwa ameongoza somo la biolojia miaka kumi na mmoja, na tangu binti huyo afike hakuwahi kumsalimu.

Ugomvi ulianzia kwa mabuu wa nzi wa ndizi mbivu. Wakonyo alitoa tezi zao za mate akazitia rangi, na ndani ya kiini cha seli kromosomu zikaonekana kama mishipi yenye milia. Hapa na pale mshipi ulikuwa umevimba. Jeni, aliwaeleza wasichana, hunakiliwa pale penye uvimbe, si kila mahali kwa pamoja.

"Hiyo ni mikwaruzo ya kisu chako," Kingori alisema. "Kiini ni uji tu. Ama huko chuoni mlifundishwa kujipamba?"

Wasichana wawili walicheka. Uso ukamwaka Wakonyo, lakini tusi alilimeza.

"Basi chagua mabuu watatu, Mwalimu, na kisu ushike wewe. Tuwaweke kwenye maji ya nyuzi thelathini na saba, nusu saa. Joto litaamsha jeni zingine. Mahali kromosomu zitakapovimba nakuchorea sasa hivi."

Akachora ubaoni.

Kingori alipasua, akatia rangi, akatazama. Buu wa kwanza. Wa pili. Kwa wa tatu alikaa muda mrefu, jasho limemlowesha kola. Kisha akainuka, akafuta mchoro kwa kiganja.

"Kipindi kimeisha."

Wiki iliyofuata barua ilifika: Wakonyo ahamie Sagana, kwa sababu ya utovu wa adabu. Alienda nayo moja kwa moja ofisini kwa Kingori.

"Uliona," alimwambia. "Wote watatu, mahali pale pale."

Kingori hakuinua macho kutoka kwa vitabu alivyokuwa akisahihisha.

"Niliona," akasema. "Ndiyo maana unaenda."

Wakonyo aliuacha mlango wazi, baridi ya Julai impige Kingori.