Kitambaa cha Kumdarizia Mama

Mama Mita alitandaza vitambaa vitatu juu ya meza ya kukatia, akavinyoosha kwa kiganja, kisha akauliza kinachokwenda kudariziwa ni nini.

"Mama yangu," alisema binti.

Mama Mita akaitikia kwa kichwa. Watu walimpa jina hilo kwa sababu hakuwahi kumpunja mtu hata upana wa kidole. Duka lake lilikuwa chumba kirefu chembamba chenye harufu ya pamba mpya, majora yamesimamishwa ukutani kama watu wanaosubiri kuitwa ndani. Alimtazama mwanamke aliyekuja na binti yule, mama yake mdogo, ambaye alikuwa bado na sare ya kiwandani mwilini, na ncha za vidole vyake zilikuwa zimebabuka zikawa nyeupe.

"Mama yake ndiye aliyefariki?"

"Ndiye," alisema mama mdogo. "Dada yangu."

"Poleni. Basi hapo tuchague kwa utulivu. Mtu si ua."

Binti alikuwa na miaka kumi na miwili na mkono mwepesi. Alikuwa amejifunza mishono ya msalaba kwenye kile kitambaa cha matundu makubwa wanachopewa wanaoanza, ambacho sindano butu hupita bila kutafuta njia. Kitu chake cha kwanza kilikuwa kuku. Alipomshona jicho, kuku alishuka kitambaani, akaingia chini ya meza, akataga. Mayai yake yalikuwa na pembe kwa sababu ya ukubwa wa matundu, lakini yalichemka kama mayai mengine na yakaliwa. Baada ya kuku alidarizi paka, na paka akawa anatembea kwa mikato, kama mtu anayeshuka ngazi, hata panya wakawa wanamsikia kabla hajafika. Majirani walisema mtoto ana kipaji, ajaribu kazi ngumu zaidi.

"Hiki cha kwanza unakijua," alisema Mama Mita, akigusa kitambaa cha matundu makubwa. "Ukimweka hapa atakuja, ila uso utakuwa wa vigae vigae. Mikono atakuwa nayo, vidole hatakuwa navyo. Na hatasema. Midomo inataka mshono mdogo."

"Ataniona?"

"Atakuona. Jicho halina makuu, linakaa popote." Akasogeza cha pili, cha rangi ya maziwa. "Hiki ni cha katikati. Vidole vipo, tabasamu lipo. Sauti siwezi kukuahidi. Nina mteja alimdarizi marehemu mumewe kwenye kitambaa kama hiki, akawa anatikisa kichwa tu kila akiulizwa kitu. Mwenyewe mteja ameridhika. Anasema alipokuwa hai hata kichwa hakutikisa."

Mama mdogo alicheka kidogo, kwa adabu. Binti hakucheka. Alikuwa ameshaweka mkono juu ya kile cha tatu, kitani chembamba, cheupe pee.

"Hicho hakina matundu ya kukuongoza," alisema Mama Mita. "Unahesabu nyuzi zenyewe, unaruka mbili mbili. Ukikosea moja, bega linapanda, na litapanda maisha yake yote. Kitakuumiza macho. Lakini hapo atakuja mzima, mpaka kidoti cha shingoni kama alikuwa nacho."

"Alikuwa nacho," alisema binti.

Mama mdogo hakuhitaji kuulizia kitani kile. Alikijua kwa harufu. Kilitoka kwenye kiwanda alichofanyia kazi, na kiling'arishwa kwenye chumba alichosimama yeye kila siku, mbele ya mapipa ya dawa. Hapo ndipo dada yake alipokuwa amesimama kabla yake. Feni za kutolea mvuke zilikuwa zimeacha kuzunguka, na dada akaendelea kusimama pale mpaka kifua chake kikawa kinapiga filimbi akilala. Daktari wa kiwanda alisema kifua hicho alikuja nacho kutoka kwao. Akaambiwa akapumzike nyumbani. Akapumzika, akafa. Baba wa mtoto alikuwa ameshahamia mji mwingine na mke mwingine. Nafasi kwenye mapipa ilikuwa wazi, mtoto alitakiwa kula, na hapakuwa na geti lingine lililokuwa likiajiri. Mdogo mtu akaichukua.

"Kimetoka kwenu," alisema Mama Mita taratibu. "Weupe wa namna hii unatoka kwenu tu. Nami siwezi kuwaficha, kitambaa huwa kinabaki na mambo yake. Mkimchukua kwenye hiki mnamchukua na vyote."

"Na kikohozi?" aliuliza mama mdogo.

"Na kikohozi."

Mama mdogo aliinama kidogo, akamshika binti begani. "Tuchukue cha katikati, mwanangu. Atatabasamu. Utamwonyesha daftari zako za shule, atakutikisia kichwa."

"Nimeisahau sauti yake," alisema binti. Alisema polepole, kama mtu anayeungama jambo dukani mbele ya watu. "Maneno yake nayakumbuka. Nikijaribu kuyasikia, yanakuja kwa sauti yako."

Mama mdogo alinyooka, akatazama majora ukutani. Kisha akamwambia Mama Mita akate cheupe.

Kazi ile ilichukua msimu wote wa mvua. Binti alikaa dirishani kila akitoka shule, fremu ya duara magotini, midomo yake ikihesabu. Kwa kuwa kazi ya namna hii huanzia katikati ya kitambaa, kifua ndicho kilichotangulia, na kitani kikaanza kukohoa kabla hakijawa na uso. Mama mdogo alikuwa akikisikia akiwa jikoni, akipika. Alikuwa akisimamisha mwiko, anasubiri kikohozi kipite, kisha anaendelea kukoroga. Kilikuwa kikohozi kile kile, kirefu, kinachoishia kwenye kafilimbi kadogo. Angeweza kukitambua kati ya vikohozi vya mji mzima.

Midomo ilimalizika Jumapili mchana. Dada alishuka kitambaani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akajinyoosha gauni magotini. Alikuwa na kidoti chake shingoni.

"Umekonda, mwanangu," alisema.

Binti alilaza uso mapajani mwa mama yake, akamwambia aseme tena. Mama akasema tena. Akamwambia aseme kitu kingine chochote, na mama akamsimulia jinsi alivyozaliwa, alivyotoka kichwa kimechongoka kama embe, mpaka mkunga akamfunika kofia haraka ili mama asimwone. Alikohoa kila baada ya maneno machache. Binti alisubiri kila mara, mkono wake ukipanda na kushuka mgongoni mwa mama.

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Siku hizi kazi unafanya wapi?"

"Pale pale."

"Pale pale kwangu?"

"Pale pale kwako, dada."

"Feni zinazunguka?"

"Bado."



Jioni ile binti alishika mkasi mdogo, akamwomba mama alale chali ili amfumue kifua na kukishona upya kwa uzi laini zaidi. Mama alikubali. Nyuzi zikatolewa moja moja mpaka pakabaki kitani kitupu kati ya mabega na tumbo, na kile kitani kitupu kikakohoa. Binti akakaa na mkasi mkononi, akaelewa. Akakishona tena kifua kama kilivyokuwa, kwa mishono ile ile, machozi yakimdondokea mikononi, akijitahidi yasiloweshe kazi.

Mama mdogo alikwenda kumweleza nyapara, msimamizi wao kiwandani, kwamba dada amerudi. Hakuwa mtu mbaya, nyapara. Msibani alifika, akabeba viti. Alipita nyumbani akitoka kazini, akavua viatu mlangoni, akamsalimia marehemu.

"Naona umerudi."

"Nimerudi. Feni vipi?"

"Tulishapeleka maombi."

"Ulinijibu hivyo hivyo nilipokuwa hai."

"Ni kweli," alisema nyapara. "Ni maombi yale yale."

Akaletewa chai, akanywa. Marehemu alikohoa, na nyapara akasubiri amalize, akasema pole. Kisha akaomba kukiona kwa karibu kitani alichoshonewa marehemu. Akakipapasa pindo kwa kidole gumba na cha shahada, akakiinua kwenye mwanga. Alisema ufumaji umetulia na weupe haujafifia hata kidogo, akamuuliza binti kama kiwanda kingeweza kukiazima, kitundikwe pale wageni wanapoingilia. Binti alisema hapana. Nyapara hakuchukia. Alishukuru kwa chai, akavaa viatu, akamkumbusha mama mdogo kwamba wiki inayofuata yuko zamu ya asubuhi.

Wakaishi hivyo, watatu. Mama alisahihisha masomo, alimsuka binti nywele, alikohoa. Binti alizoea kuacha nafasi katikati ya mazungumzo, kama mtu anayepisha mwingine mlangoni. Mama mdogo aliondoka asubuhi na kurudi jioni, na mshahara ukawa unanunua unga na mafuta na, ikibaki kidogo, nyuzi.

Jioni moja kikohozi kilisikika kutoka jikoni. Mama alimtazama binti, binti akamtazama mama. Hakuna kati yao aliyekuwa amekohoa. Kilikuwa kifupi bado, kikavu, kama mtu anayesafisha koo ili aseme jambo. Mwiko ukaendelea kukoroga.

Asubuhi yake mama mdogo alikuwa mlangoni akijifunga kilemba, tayari kwenda kazini. Binti alitoka na fungu la nyuzi za rangi ya udongo, kuanzia za kahawia iliyokolea hadi za manjano, akawa anazisogeza moja moja karibu na shavu la mama mdogo na kuziondoa.

"Mama mdogo, geukia mwanga kidogo."

Mama mdogo aligeuka. Akasimama hivyo, ametulia, kidevu kimeinuka, mpaka king'ora cha kiwanda kilipolia, na mtoto alikuwa bado hajapata rangi inayofanana na yake.